Miruko 41 na kamera kwenye helmeti: kwa nini nasubirishwa hadi 200?

Omari_Majengo

Asalam aleikum wana jukwaa.

Mimi ni mpiga video wa harusi hapa Mombasa. Kamera nimeshika tangu nimalize shule, na mitaa ya Majengo na Kibokoni wengi wananijua kwa kazi hiyo. Kuruka na parachuti nilianza mwaka jana kule Diani. Kila harusi nilikuwa natenga fungu, nikamaliza mafunzo, nikapata leseni A, ile ya kwanza, nilipofikisha miruko 25. Leo nina 41.

Ijumaa nilivuka feri na GoPro mpya nimeibandika juu ya helmeti kwa gundi nzuri, nimeipima nyumbani siku mbili, haitikisiki. Mkufunzi akaichukua, akaizungusha mara moja tu mkononi, akanirudishia. "Toa kamera au ubaki chini." Sikubishana naye. Nikaitoa, nikaruka bila. Nilipotua nikamuuliza, akasema subiri miruko 200, kisha akaenda kuhudumia wageni.

Sitaki kuonekana mkaidi. Nataka kuelewa. Kamera yenyewe ni kama gramu 150, simu yangu ni nzito kuliko hiyo. Kazi ya kamera ninaijua. Halafu wale wakufunzi wanaoruka na wageni, mbona wao wanavaa kamera mkononi kila siku?

Niseme na sababu yangu. Mama yangu miguu haimbebi tena. Shughuli zake siku hizi ni kitanda na baraza. Amezaliwa Tiwi, na ufuo ule wa kusini anaujua kwa nyayo zake, lakini ndege hajapanda maisha yake. Nataka aone kwao kutoka juu: ule mstari wa mwamba unapovunja mawimbi, mchanga, minazi, hadi kisiwa cha Chale. Miruko 159 kwa mfuko wangu ni miaka miwili au mitatu. Sijui kama ninayo.

Kaskazi_77

Kaka Omari, usijisumbue. Kuna ule mkanda wa kamera wa kifuani. Vaa ndani ya nguo, ukishatoka mlangoni fungua zipu, kamera inachungulia. Mimi nilifanya hivyo nje ya nchi nikiwa na miruko kama 60, na sikupatwa na lolote. Hizi sheria nyingi ni za kulinda biashara ya video zao.

Bi_Mwavuli

Kaskazi_77, kwa heshima, naomba uyafute hayo maneno. Wewe ulirudi salama na ninashukuru. Lakini kesho kuna kijana atayasoma na kuyafuata.

Omari mwanangu, waaleikum salaam. Mimi niko Ukunda. Nimepakia parachuti, yaani kuzikunja na kuzipanga ndani ya begi lake, miaka 11, nimeruka zaidi ya mara 700, na kamera niliivaa mara ya kwanza kwenye mruko wangu wa 214. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu jibu la "subiri 200" bila maelezo ndilo linalowafanya watu wafiche kamera kifuani.

Nianze na hicho kifua. Parachuti uliyovaa ina vishikio viwili vya kukuokoa, na vyote viko kifuani: cha kulia unaachia parachuti kuu, cha kushoto unafungua ya akiba. Mkanda wa kamera unapita hapohapo. Ukivaa nguo juu yake halafu ukafungua zipu kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa, nguo inajaa upepo na kupepea juu ya vishikio. Siku utakapovihitaji utavitafuta kwa vidole kama mtu atafutaye swichi nyumba ikiwa giza. Kifuani hapana, hata ukiwa na miruko elfu.

Mkononi nako. Mkono wako wa kulia ndio unaorusha ile parachuti ndogo inayoivuta kubwa. Ina ugwe mrefu unaopita karibu na kiganja na kiwiko. Ukiweka kitu chenye pembe hapo, umeweka ndoana kwenye njia ya ugwe. Wakufunzi unaowaona huvaa glavu maalumu mkono wa kushoto, kamera imelazwa bapa, na hawakuanza nayo siku walipopata cheti cha kubeba abiria. Waliruka na wageni mikono mitupu kwanza, mara nyingi sana, mpaka kila hatua ya kufungua ikawa ya mwili wenyewe.

Kichwani ndiko kunakofaa, na kichwani ndiko nilikokaribia kufia.

Ulikuwa mruko wangu wa 238, mwezi wa tisa, asubuhi, kusi limepoa. Narekodi wenzangu wawili. Kamera ilikuwa juu ya kitako cha plastiki nilichonunua kwa mtu, kimeinuka kidogo kutoka kwenye helmeti kama rafu ya vikombe. Chini yake kulikuwa na uwazi wa kupitisha penseli. Nilikuwa nauona kila siku na sikuufikiria.

Nilifungua futi 4,000. Parachuti ikatoka imejipinda, kamba zimesokotana juu ya kichwa changu kama nywele za mtoto anayesukwa. Hilo hutokea: unatanua mikanda ya mabegani, unapiga mateke, unajisokotoa upande wa pili. Nikainua uso nitazame juu. Nikasikia "tk". Kichwa kikavutwa nyuma na kubaki huko.

Kamba za parachuti nyingine hazifiki unene wa milimita 2. Moja ilikuwa imeingia kwenye ule uwazi chini ya kamera. Sasa parachuti inaanza kuzunguka, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, na kila mzunguko unanikaza shingo. Mkono ulishafika kwenye kishikio cha kuachia parachuti kuu, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Nikauzuia. Nikiiachia nami nimefungwa nayo kichwani, parachuti yote itaninyonga kwa kamba moja, na ya akiba nikiifungua itatokea katikati ya fujo hiyo.

Kilichoniokoa ni kijivutio kidogo cha kidevuni. Helmeti ya kamera lazima iwe na kifungio kinachoachia kwa kuvuta mara moja, kwa mkono mmoja, macho yakiwa yamefumba. Mimi nilikuwa na desturi: kila asubuhi tukingoja ndege nafumba macho na kuvuta, nafunga tena, navuta, mara tano. Siku ile mkono ulikwenda wenyewe. Helmeti ikachomoka na ngozi kidogo ya sikio, ikabaki inaning'inia kwenye kamba. Altimita, kile kipimo cha urefu, ilisoma futi 2,500. Nikaachia, nikafungua ya akiba, na nikatua kwenye nyasi za watu nikitetemeka meno.

Parachuti na helmeti tulivikuta saa sita mchana juu ya mkorosho, watoto waliokuwa wakichunga mbuzi ndio waliotuonyesha. Ile kamba ilikuwa ingali imenasa palepale. Na kamera ilikuwa bado inarekodi, majani ya mkorosho na sauti za mbuzi.

Huyo nilikuwa mimi wa miruko 238. Nimetimiza 200, nimefanya mazoezi, na bado kitako kibaya kilinipata. Nikijiuliza ningefanya nini nikiwa na 41, jibu ninalo: ningevuta kishikio cha kulia, kwa kuwa ndicho pekee nilichokuwa nimekizoea.

Omari_Majengo

Bi Mwavuli, shikamoo. Nimesoma mara tatu. Nimekwenda kuitazama helmeti yangu, na uwazi upo. Kidole hakipiti, penseli inapita.

Niruhusu niulize zaidi. Tuseme nimepata kitako kilicholala bapa, hakuna pembe, na kifungio cha kidevuni kama ulivyosema. Hapo shida ya kunasa imeondoka. Bado nitaambiwa 200?

Bi_Mwavuli

Marahaba mwanangu. Ndiyo, bado.

Kwanza hiyo "imeondoka" tuipime. Chukua kamba nyembamba ya mita moja. Vaa helmeti na kamera yake, funga kidevuni. Mwenzio asimame nyuma yako apitishe kamba juu ya kichwa chako na kuivuta kuelekea mbele, kisha nyuma, kushoto, kulia, na kutoka chini ya sikio kwenda juu. Avute kwa nguvu, asikuonee haya. Popote inapokwama hata kidogo, hapo ndipo itakapokwama huko juu. Nyufa tunajaza kwa ile gundi ya kufinyangwa inayokauka kama jiwe, kingo tunazizungushia tepu. Nimekataa helmeti za watu wenye miruko 400 kwa kamba hii, na sijali wakininunia. Tena kitako kizuri kina sehemu inayokatika chenyewe kikivutwa sana. Hicho ni ziada tu, kidevu kibaki na kifungio chake.

Sasa hiyo 200. Chama cha waruka parachuti cha Marekani, USPA, kinashauri anayevaa kamera awe na leseni C, na leseni hiyo huanzia miruko 200. Kinaongeza jambo ambalo vijana hawalisomi: uwe umeruka mara 50 hivi karibuni kwa parachuti ileile utakayovaa nayo kamera. Mtu aweza kuwa na 300, akabadilisha parachuti jana, akafunga kamera leo. Huyo naye hajafika.

Sababu kubwa ni macho yako, Omari. Wewe ni mpiga video, na kwako hatari ni kubwa kuliko kwa mtu wa kawaida. Nakuambia kwa kuwa nimekuona kwenye harusi moja Makadara. Ulikuwa unarudi nyuma na kamera, hukuona sinia la sambusa, mpaka mama mmoja akakushika kiuno. Ulikuwa umeingia ndani ya picha. Ndiyo maana kazi yako ni nzuri.

Huko juu hesabu ni hii. Futi 1,000 za kwanza zinakuchukua kama sekunde 10. Baada ya hapo umeshika kasi, na kila futi 1,000 zinakwenda kwa sekunde 5 na nusu. Toka futi 12,000, fungua 4,000, una chini ya dakika moja. Sekunde sita za kujiuliza "taa nyekundu ya kamera inawaka kweli?" ni futi 1,000. Sekunde sita nyingine za kumweka mwenzako katikati ya picha ni futi 1,000 tena. Mwenye leseni A anatakiwa awe amefungua kabla ya futi 3,000, na ikiwa parachuti haifai, awe ameamua la kufanya kufikia 2,500. Toa sekunde sita hapo uone kinachobaki.

Kuna kisa ambacho kila mpakiaji anapaswa kukijua. Aprili 1988, North Carolina, Marekani, mpiga video mwenye miruko zaidi ya 800 alipanda ndege kurekodi mwanafunzi na mkufunzi wake. Enzi zile mtambo wa kurekodi ulikuwa mkubwa na ulifungwa mgongoni. Alitoka mlangoni akarekodi vizuri kabisa. Parachuti hakuivaa. Inadhaniwa uzito wa ule mtambo mgongoni ulimfanya ahisi ameivaa. Miruko 800! Huwa namfikiria ninapofunga betri, na tangu nijue kisa chake sigusi kamera kabla ya kukagua parachuti: mikanda ya miguu, ya kifua, vishikio, halafu mtu mwingine anikague mgongo. Kamera ndiyo ya mwisho. Ikigoma kuwaka ndani ya ndege, naruka ikiwa imezima.

Usitegemee kile kifaa kinachofungua parachuti ya akiba chenyewe. Ni kizuri na ninakivaa, lakini hupima kasi pamoja na urefu. Hungoja ushuke mpaka kama mita 225 ukiwa bado unaanguka kwa mita 35 kwa sekunde. Ukiwa umening'inia chini ya parachuti mbovu inayozunguka, huenda kasi hiyo usiifikie, na kifaa kikanyamaza.

Na wenzako pia hubadilika. Mwenye kamera akikaribia, watu hutabasamu, hunyoosha vidole, husahau altimita zao. Ndiyo maana kabla ya kupanda lazima kila mtu ajue nani amevaa kamera, atakaa upande gani, na futi ngapi mnaachana. Mrekodi asielee juu ya mtu anayekaribia kufungua, kwa sababu parachuti ya yule ikifunguka, mrekodi anaanguka ndani yake.

Zuhura_Nyali

Samahanini, mimi si mrukaji, niliruka mara moja tu na mkufunzi, zawadi ya kaka yangu. Nilikasirika waliponinyang'anya simu. Niliwaambia nitaishika kwa mikono miwili. Wakachukua na saa na bangili, na dada mmoja akanitoa pini zote za ushungi, akaniambia niufunge kwa fundo na kuuingiza ndani ya nguo. Nilidhani ni ukali wa bure. Pini nazo zina nini?

Bi_Mwavuli

Zuhura mwanangu, pini ikichomoka inaweza kuingia jichoni mwa mkufunzi aliye nyuma yako, naye ndiye mwenye kufungua parachuti yenu. Simu ikikuponyoka, chini kuna ufuo: watoto, wauza madafu, ngamia na wenye ngamia. Hakuna atakayeisikia ikija. Na mikono yako miwili ilikuwa inatakiwa wakati wa kutua, uinue miguu na kuishikilia. Yule dada alikutunza.

Kaskazi_77

Bi Mwavuli, nimekuelewa. Nimejaribu kufuta, jukwaa linakataa baada ya siku moja, basi naandika hapa: msifuate ushauri wangu wa kifuani. Lile la vishikio sikuwahi kulifikiria. Nimeitazama tena video yangu ile ya miruko 60, na kweli zipu ilipofunguka shati lilifunika upande wote wa kulia. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi na macho yangu yalikuwa kwenye bahari tu.

Omari_Majengo

Nimekubali. Leo nimeibandua kamera kwenye helmeti, ilitoka na rangi yake.

Imenichoma lakini. Ile ya sambusa ni kweli, na mama aliyenishika kiuno ni khalati yangu.

Niambieni basi cha kufanya kati ya 41 na 200, nisikae tu nahesabu. Na kuhusu mama, nitangoja.

Bi_Mwavuli

Mama asingoje.

Sikiza. Video ya kutoka juu si lazima itoke kichwani kwako. Mimi ninarekodi karibu kila wikendi ikiwa anga ni nzuri. Uliza mkufunzi wako kama atakuruhusu kuruka nami, sisi wawili tu, mpango rahisi: tunatoka, unakaa tumbo chini mbele yangu, unatazama altimita yako kila baada ya kuvuta pumzi mbili, futi 5,500 unageuka na kwenda zako, unafungua pale ulipozoea. Hunitazami mimi. Ukitabasamu tabasamu kwa sababu umefurahi. Nitachukua mwamba, Tiwi, na minazi yote hadi Chale, na mwanawe katikati. Gharama ya nafasi yangu kwenye ndege nitajilipia, nawe utanilipa kwa kazi: binti yangu anaolewa baada ya mfungo mosi.

Kati ya 41 na 200, kwanza ruka na watu, ujifunze kukaa sawa na mwenzako bila kufikiria mikono yako iko wapi. Wapiga picha wengi wanajua kamera lakini hawajui kuruka, na huko juu picha hupigwa kwa mwili mzima. Nunua altimita ya sauti inayolia sikioni, uizoee mpaka ikilia mkono uanze kwenda kabla hujawaza. Njoo Jumamosi jioni nikufundishe kupakia, ujue kila ugwe unapita wapi. Ukizijua kamba kwa vidole, ukiiona helmeti utajua penye ndoana bila kuambiwa. Ukikaribia 200 anza kuvaa helmeti yenye kamera ya bandia, kipande cha mti cha ukubwa uleule, baada ya kukipima kwa kamba kama cha kweli na mkufunzi wako akiridhia, uone shingo inasemaje parachuti inapofunguka. Wengi hushtuka, maana kichwa kikiwa kimeinama wakati ule hata gramu chache zinavuta.

Kusi likiwa kali usije, utapoteza nauli ya feri.

Omari_Majengo

Mkufunzi amekubali. Jumapili asubuhi, futi 12,000, sisi wawili. Jumamosi nitakuja mapema nipakie nawe, na helmeti yangu ninakuja nayo uipitishie kamba mbele yangu, nataka nione inakwama wapi.

Nimemwambia mama jioni hii barazani. Ameuliza kama kutoka huko juu kisima cha Tiwi kilichokuwa nyuma ya nyumba ya babu kitaonekana. Bi Mwavuli, kiko kaskazini kidogo ya mto unapoingia baharini, kando ya mbuyu uliopasuka. Ukiweza, geuza kichwa upande huo kidogo baada ya parachuti yako kufunguka na kutulia.